Nyumba ya Yatima ya Firenze

Leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba moja ya kulea watoto, iliyo katika mji wa Firenze, nchi ya Italia. Tuliizuru tulipokuwa safarini Ulaya, sisi wawili tuliosoma shule moja, na humo tulijifunza neno ambalo twaona lamfaa kila mtu mwenye kulea mtoto asiye wake.

Kwanza tutaeleza asili yake. Zamani Firenze ulikuwa mji wa matajiri, lakini maskini nao walikuwa wengi, na watoto wachanga waliachwa na wazazi wao. Mfanyi biashara mmoja, jina lake Francesco Datini, alipokufa mwaka 1410 aliacha katika wasia wake florini 1,000 za dhahabu, zisaidie kujenga nyumba ya watoto hao. Chama cha wafanyi biashara ya hariri kikaishika kazi hiyo, na mwaka 1419 ujenzi ukaanza chini ya fundi mkubwa Brunelleschi, yeye yule aliyejenga kuba la kanisa kuu la mji. Tarehe 5 Februari 1445 akapokelewa mtoto wa kwanza, naye ni msichana, wakamwita Agata Smeralda.

Mbele ya nyumba ipo baraza ndefu yenye matao tisa, na juu ya nguzo zimetiwa sanamu za udongo za watoto wachanga waliofungwa nguo, nyeupe juu ya rangi ya samawati, kazi ya Andrea della Robbia. Mwisho wa baraza lipo dirisha dogo lenye nondo. Hapo mama aliweza kumpitisha mtoto wake pasipo kuonekana uso, kisha akaenda zake. Dirisha hilo lilifungwa mwaka 1875.

Katika mji huo anakaa rafiki yetu, tuliyesoma naye huku pwani. Alikwenda Italia kufanya kazi ya kuwatunza wazee, kisha akahama nyumba, na barua zikakatika kwa miaka kumi na mmoja. Tulipopata anwani yake kwa mwenzetu mwingine wa shule, tulimwandikia, naye akajibu kwamba tuonane penye ngazi za nyumba ile. Tulimjua kwa mwendo wake kabla ya kumwona uso. Tukashikana mikono, tukaulizana habari za waliokufa na za waliozaa.

Rafiki huyu naye alilelewa katika nyumba ya yatima. Tulilijua jambo hilo tangu utoto, lakini hakupenda kulisema, nasi hatukumwuliza.

Ndani ya nyumba tulionyeshwa chumba chenye visanduku vidogo vingi, na kila kimoja kina jina la mtoto na kitu alichokuja nacho. Tuliona shanga, vifungo na vipande vya utepe. Lakini kilichotushangaza zaidi ni sarafu na medali zilizokatwa nusu. Mama alimfungia mtoto nusu moja, na nusu ya pili akakaa nayo mwenyewe. Karani naye aliandika daftarini siku aliyopokelewa mtoto, nguo alizovaa, na alama aliyokuja nayo. Mama akijaliwa kupata nafuu, alikuja na nusu yake, na nusu mbili zikipatana mtoto alijulikana kuwa ni wake. Wako waliorudi. Wengi hawakurudi, na watoto wengi walikufa wangali wachanga.

Rafiki yetu alisimama kitambo kirefu mbele ya visanduku vile. Kisha akatuambia, "Ndugu zangu, mimi nilipokelewa nikiwa nimefungwa kipande cha kanga. Mama mlezi alinihifadhia, nami ninacho hata leo. Kina maneno mawili tu ya jina la kanga, mengine yamekatika. Sijui kama kilipasuka kwa uchakavu au kilikatwa kwa makusudi. Katika daftari la nyumba ile hakikuandikwa kijiji, wala jina la aliyenileta. Nilipokwenda kuposa, wazee waliniuliza, 'Wewe ni mwana wa nani?' Sikuwa na la kujibu."

Tukamwuliza, "Posa ikawaje?"

Akasema, "Ilikataliwa. Baadaye nilipata mke kwa watu wengine, nao walinipokea vizuri. Lakini sasa binti yangu ananiuliza swali lile lile. Walionilea walinilisha, wakanivika, wakanisomesha, nami nawashukuru. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino."

Hatukuwa na neno la kumfariji, tukanyamaza pamoja naye.

Wasikilizaji, si kila mtoto aliye katika nyumba ya yatima amefiwa na wazazi wote wawili. Wengine wana mama aliye hai, aliyeshindwa na umaskini au maradhi. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, wasema kwamba mtoto ana haki ya jina, na haki ya kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo. Jambo hili si la nyumba kubwa peke yake. Vijijini kwetu watoto wengi hulelewa na bibi, shangazi au jirani, na kila mlezi hudhani kwamba habari za mtoto zajulikana na wote. Wazee wakifa, habari hizo hufa nao.

Basi ukimpokea mtoto wa mtu, andika siku hiyo hiyo jina lake, majina ya baba na mama, kijiji chao, na jina la aliyemleta. Kama hujui kuandika, mwite mwanafunzi aliye karibu akuandikie. Nguo au kitu alichokuja nacho usikitupe, hata kikiwa kimechakaa. Akipata akili za kutosha, mweleze kwa upole, asije akasikia kwa watu wa njiani. Kumlisha yatima ni thawabu; na kumhifadhia asili yake ni katika malezi hayo hayo.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, ikiwa nyumbani kwenu yuko mtoto wa namna hii, chukueni daftari jioni hii, mwende mkakae karibu na bibi, mmwulize naye aseme, nanyi mwandike. Kwaherini.