Pengo la Alama katika Maombi ya Vyuo Vikuu vya Marekani: Wajibu wa Shule

Ndugu walimu wakuu na walimu wa taaluma,

Vyuo vikuu vingi vya Marekani vyenye ushindani mkali hufunga maombi siku za mwanzo za Januari. Mwanafunzi wetu wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei na kupata matokeo Julai. Kwa hiyo hata anayeongoza darasa zima hutuma maombi yake yakiwa na pengo. Wenzetu wa Kenya nao hawana nafuu kubwa, kwani matokeo ya KCSE aghalabu hutangazwa Januari, siku chache baada ya mlango kufungwa.

Juu ya pengo hilo kuna la SAT na ACT. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga vituo vya mitihani, vyuo vingi viliacha kuvidai vipimo hivi, na habari hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwetu. Lakini MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vilitangaza kufanya vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha California, kwa upande wake, hakizitazami kabisa alama hizo katika udahili. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba siku hizi SAT si lazima, bila kusoma masharti ya chuo husika kwa mwaka husika, anaweza kumkosesha nafasi. Tena vituo vya SAT kwetu ni vichache, na vingi viko katika shule za kimataifa za mijini. Mtoto wa Kigoma anahitaji nauli, malazi na pasipoti mapema. Asipojiandikisha kwa mtihani wa Desemba au kabla yake, kwa kawaida ameshachelewa.

Asiyeweza kabisa kufika kituoni bado ana njia katika baadhi ya vyuo. Harvard, kwa mfano, katika mazingira ya pekee hupokea matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule, au makadirio yake. Hapa ndipo shule nyingi zinapokwama. Walimu wetu hawajazoea kuandika makadirio. Wengine huogopa kwamba Julai ikifika wataonekana waongo, wengine humwandikia kila mwombaji daraja A. Hawa wa pili wanampaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa. Chuo kitapokea matokeo halisi baadaye, na shule iliyotia chumvi mwaka huu itawaponza wanafunzi wake wa mwakani. Makadirio yanayoaminika hutokana na mtihani wa utamilifu, mitihani ya muhula na rekodi ya wanafunzi waliotangulia. Yaandikwe na mwalimu wa somo, mkuu wa shule ayatie saini na muhuri.

Barua ya kueleza pengo isizidi aya moja. Napendekeza iwe hivi: “Mwanafunzi huyu atafanya mtihani wa taifa wa kidato cha sita mwezi Mei. Matokeo yatatolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania mwezi Julai, nasi tutayatuma mara moja. Tumeambatanisha matokeo yake ya kidato cha nne na makadirio ya walimu wake.” Basi. Masikitiko hayana nafasi humo, wala sifa. Msomaji wa faili anataka kujua nini hakipo, kwa nini, na kitafika lini. Barua iandikwe na shule, maana mtoto akijieleza mwenyewe huonekana anajitetea.

Kuna pia pengo linalotokana na majina. Mwanafunzi amejiandikisha SAT kwa majina mawili, fomu ya chuo ina matatu, na pasipoti imetanguliza jina la babu. Alama zimetumwa na zimefika, ila zimeshindwa kuunganishwa na faili lake, naye anaambiwa hazijaonekana. Tangu kidato cha tano mwanafunzi atumie majina ya pasipoti, kwa mpangilio uleule, kila mahali. Akishatuma maombi, aingie kwenye akaunti yake ya chuo kila wiki, na akikuta alama zimeandikwa kuwa hazipo, aiandikie ofisi ya udahili siku hiyohiyo akitaja tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya usajili wa mtihani.

Naomba kila shule iliyopo hapa iteue mwalimu mmoja wa kushughulikia barua hizi kuanzia Agosti, na apunguziwe vipindi ili aweze kuifanya kazi hiyo.