Mashine Ndani ya Mashine: Kwa Nini Kanzidata za Zamani Zibaki Hai



Jioni hii nawaletea habari za programu ambayo wengi wenu mlioketi mbele mmeitumia kwa miaka mingi, na ambayo vijana walio nyuma pengine hawajapata hata kuiona. Inaitwa CDS/ISIS. Chimbuko lake ni mfumo wa ndani wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva. Katikati ya miaka ya 1970, chini ya uongozi wa Giampaolo Del Bigio, UNESCO iliuchukua msingi huo ikajenga mfumo wa kompyuta kubwa za wakati ule. Na mwaka 1985 likatoka toleo la kompyuta ndogo, lililoandikwa kwa lugha ya Pascal na kuendeshwa chini ya MS-DOS. Lilitolewa bure kwa kazi zisizo za biashara. Ndiyo maana likaenea katika maktaba na vituo vya nyaraka vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, mahali ambapo bajeti ya kununua programu haikuwapo kabisa. Kwa wakutubi wengi wa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo iliyokuwa kanzidata ya kwanza kuijenga wao wenyewe.

Kazi waliyoifanya bado ipo. Imo kwenye disketi, kwenye diski za kompyuta zilizosukumwa stoo, na pengine kwenye folda ambayo mtu fulani mwenye busara amekuwa akiihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Watu wakiniuliza tufanye nini na kazi hiyo, jibu linalotarajiwa ni: toeni data, zitieni kwenye mfumo mpya, basi. Mimi nasema data peke yake hazitoshi. Inatupasa kuihifadhi programu yenyewe ikiwa inafanya kazi, pamoja na kanzidata zilizojengwa juu yake, na njia ya kufanya hivyo ni uigaji.

Kwanza tuelewe kwa nini programu hiyo haifunguki leo. Programu za DOS ziliandikwa kwa prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, inayohesabu kwa biti 16. Prosesa ya 80386, iliyotoka mwaka uleule wa 1985, ilikuja na hali maalumu ya kujifanya 8086 ndani ya mfumo mkubwa zaidi, na kwa hali hiyo Windows za biti 32 ziliendelea kuzibeba programu za DOS kwa miaka mingi. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa zake za biti 64. Mfumo endeshi unapoiendesha prosesa ya aina hiyo kwa biti 64, ile hali ya kujifanya 8086 haipatikani tena. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina kabisa toleo la biti 32. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuziua katalogi zetu. Zilibaki nyuma kwa sababu ya uamuzi wa kihandisi uliofanywa kwa sababu nyingine kabisa.

Emuleta, yaani programu ya uigaji, inalitatua jambo hili kwa kujenga mashine ndani ya mashine. Ni programu ya kawaida, lakini ndani yake kuna prosesa ya kubuni, kumbukumbu ya kubuni, saa, kibodi na skrini. Inaisoma amri moja moja ya programu ya zamani na kufanya kile ambacho 8086 au 80386 ingefanya. Programu ya zamani haina namna ya kujua tofauti. DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, inatoa mashine hiyo pamoja na DOS yake yenyewe, na folda ya kompyuta yako inaonekana huko ndani kama diski C. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inaiga kompyuta nzima, hata ukaweka ndani yake DOS halisi kutoka kwenye disketi zake. Njia ya kwanza ni rahisi kwa mkutubi. Ya pili ni kamili zaidi, ila kupitisha faili kati ya mashine mbili hizo kunahitaji kazi ya ziada.

Lazima niseme wazi kwamba DOSBox iliundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mchezo hauhitaji printa, na haujali kama watu wawili wanaandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja. Kanzidata inajali sana. Kwa hiyo ninyi mtakaojaribu, msiruhusu watumiaji wengi waingie kwenye kanzidata moja kupitia emuleta kadhaa. Faharasa inaweza kuharibika bila onyo lolote. Kwa uchapishaji, ama mwelekeze ripoti kwenye faili, ama mtumie matoleo kama vDos na DOSBox-X ambayo yaliwafikiria watu wenye kazi za ofisini.

Kasi nayo ni tatizo, ingawa wengi hudhani kompyuta ikiwa na kasi zaidi ni heri tupu. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal hupima mwendo wa mashine pale zinapoanza: zinahesabu mizunguko kwa muda mfupi, kisha zinaigawa hesabu hiyo. Prosesa zilipofika kasi ya megahezi 200 hivi, jibu la mgawanyo likawa kubwa kuliko nafasi lililotengewa, na programu zikaanguka kwa kosa namba 200 hata kabla ya menyu kuonekana. Katika emuleta unaipunguza kasi hiyo kwa kubadili namba moja tu.

Sasa nirudi kwenye dai langu, maana kuna wasomi wenye uzito wanaolipinga. Mwaka 1995 Jeff Rothenberg aliandika katika Scientific American kuhusu hatari inayozikabili nyaraka za kidijiti, na mwaka 1999 akatoa ripoti iliyotetea uigaji kama njia kuu ya kuzihifadhi. Mwaka huohuo David Bearman alimjibu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kumbukumbu ndizo zinazostahili kuhifadhiwa, si uwezo wa mifumo iliyozitengeneza. Ninaiheshimu hoja hiyo, hasa kwa barua na mihtasari ya vikao. Kwa kanzidata nadhani Bearman amekosea, na CDS/ISIS inaonyesha kwa nini.

Rekodi ya ISIS ni mfululizo wa sehemu zenye namba, zenye urefu usio sawa, na sehemu moja inaweza kurudiwa mara kadhaa. Kitabu chenye waandishi watano kinapata sehemu ya mwandishi mara tano. Hizo zote zimo katika faili lenye kiambishi MST, na kuzitoa ni rahisi, kwa sababu ISIS inajua kuandika kwa kiwango cha ISO 2709, ambacho ndicho msingi wa rekodi za MARC. Ukishatoa, unaziingiza Koha, mfumo ulioanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambao leo uko katika maktaba nyingi za vyuo vyetu.

Kinachobaki nyuma ni akili ya aliyeijenga kanzidata. Tuseme sehemu ya 90 inaeleza namna kitabu kilivyopatikana, na mkutubi, ili kuokoa nafasi ya diski, aliandika 1, 2 au 3. Maana ya namba hizo haimo ndani ya rekodi. Imo katika faili la fomati, lenye kiambishi PFT, linaloiambia programu: ukikuta 2 katika sehemu ya 90, andika Zawadi. ISO 2709 haibebi faili hilo. Katika Koha utapata namba 2, na baada ya mkutubi yule kustaafu, namba 2 itabaki namba 2.

Faharasa ndiyo inayonisisimua zaidi. Jedwali lenye kiambishi FST linaamua ni nini kitafutwe na kwa namna gani, na faharasa ya ISIS ya DOS haibebi neno au kifungu kinachozidi herufi 30, nafasi zikiwemo. Chukueni vichwa viwili vya mada: USHIRIKA WA WAKULIMA WA KAHAWA KILIMANJARO na USHIRIKA WA WAKULIMA WA KAHAWA KAGERA. Hesabuni herufi: neno KAHAWA linaishia palepale penye herufi ya 30. Vikiingizwa kama kifungu kizima, vichwa vyote viwili vinakuwa kitu kimoja, na mtafutaji wa Kagera anapewa pia vya Kilimanjaro. Mkutubi aliyeliona hilo alianza kufupisha, au kutanguliza jina la mkoa. Mtafiti wa kesho akiziona rekodi hizo zikiwa peke yake atadhani ni uzembe au mtindo wa ajabu. Akiifungua kanzidata ndani ya emuleta, akaandika swali kama lilivyoandikwa wakati ule, atauona ukuta wa herufi 30 kwa macho yake.

Kuna na herufi zenyewe. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati: alfabeti yetu haina alama za juu, na katalogi ya Kiswahili inavuka kutoka DOS hadi Windows bila jeraha. Maktaba za Bujumbura, Kinshasa na Lubumbashi hazina bahati hiyo. Herufi é katika DOS ni baiti namba 130. Katika Windows za Ulaya Magharibi, baiti hiyohiyo ni alama inayofanana na mkato. Neno Université linafika likiwa limeliwa herufi ya mwisho. Aliyehamisha data bila kuwa na programu ya zamani pembeni hana pa kuhakikisha, na makosa ya aina hii yakishachanganyika na rekodi mpya kuyatenganisha ni kazi ya miaka.

Uingereza walipata fundisho lao mapema. Mwaka 1986 BBC ilitoa Domesday Project, katika diski mbili za leza, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la Domesday la mwaka 1086. Watu wapatao milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule. Haikupita hata miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa adimu. Mradi wa CAMiLEON wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ndio ulioirudisha kazi ile kwenye skrini mwaka 2002, kwa uigaji, ramani na picha zikiwa zimeunganishwa kama watengenezaji walivyokusudia. Wangetoa maandishi peke yake wangepata lundo la insha fupi zisizo na mahali.

Kwa hiyo ninawaomba wakurugenzi wa maktaba waliopo hapa wahamie Koha, na wasiifute ISIS. Nakilini folda nzima, si faili la MST peke yake: FDT inayofafanua sehemu za rekodi, FST, PFT, fomu za kuingizia data, na faili la SYSPAR.PAR linaloieleza programu vitu vyake viko folda gani, maana njia hizo zikivunjika kanzidata haifunguki hata ndani ya emuleta. Wekeni nakala hiyo kwa kusoma tu, na ya majaribio iwe nyingine. Ifungueni, chapisheni rekodi chache kwenye faili, mzilinganishe na zilizoko katika mfumo mpya.

Kisha mtafuteni aliyeijenga. Wengi wao wamestaafu, na wengi tunajua wanakoishi. Mleteni, kaeni naye mbele ya skrini hiyo, rekodini sauti yake akiyapitia majedwali moja baada ya jingine, aeleze kwa nini sehemu ya 90 ilipewa namba tatu na si nne, na nani aliamua kwamba jina la mkoa litangulie.