Madereva Walio Mbali

Mwezi Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa sababu ya korona, na malori yakapanga foleni ndefu huku kwetu Tunduma. Dereva alilala chini ya tela, asijue siku ya kuvuka. Nasi tuliokula na kuvaa alivyotubebea tukamwita mleta ugonjwa. Hata kanisani, tukiri, tulisogea pembeni alipoketi. Yule Msamaria wa Injili naye alikuwa msafiri, na mwenye nyumba ya wageni hakumfungia mlango. Usiku huu pengine dereva wetu yuko Kasumbalesa, anakesha kwa kuhofia wezi. Je, mkewe huketi benchi lipi parokiani mwetu, na nani amemjulia hali?