Nafasi Iliyobaki Wazi

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya ndoto moja ya ajabu, na ndoto hiyo ni yetu wenyewe.

Jioni moja mjukuu wetu alitufundisha kucheza Tetris katika simu. Mchezo huu ulibuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow katika miaka ya 1980. Vipande huanguka kutoka juu kimoja kimoja, nawe huvigeuza ili vikae sawasawa. Mstari ukijaa, hutoweka. Ukiacha mapengo, vipande hurundikana mpaka juu, na mchezo umekwisha. Tulicheza hadi saa tano za usiku, tukalala.

Basi katika usingizi tukajiona tumo darasa la sita, mwaka 1981, tumevaa kaptura. Ubaoni palikuwa na mchezo ule ule. Lakini vilivyoanguka vilikuwa pakiti za maziwa ya Nyayo, zile za pembe tatu tulizopewa bure shuleni. Nani awezaye kupanga pakiti za namna ile zisiache pengo? Mwalimu alisimama na kiboko, akihesabu. Kila mstari ulijaa ila mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa pa mwenzetu tuliyeketi naye dawati moja. Tukaamka tukitoka jasho.

Sababu twaijua. Mwaka ule pakiti moja ilipungua katika kreti. Sisi ndio tuliokunywa mbili. Mwalimu alipouliza, tulinyamaza. Aliyebeba kreti siku ile alikuwa mwenzetu, basi akachapwa viboko sita mbele ya shule nzima, akaitwa mwizi. Jina hilo lilimfuata mpaka mtihani wa CPE. Nasi tuliketi kando yake kila siku, tukiazima raba yake.

Tulidhani tumesahau. Lakini sikilizeni. Mwaka 2000 mtaalamu Robert Stickgold wa Harvard, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao. Waliwachezesha watu 27 mchezo huu huu, wakawauliza waliona nini waliposinzia. Watano kati yao walikuwa wagonjwa wa ubongo, wasioweza kukumbuka kwamba wameucheza. Hata hivyo, watatu wa hao watano walisema waliona vipande vikianguka. Mtu amesahau, lakini ndani yake kitu kimebaki.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 42, chatuonyesha jambo kama hilo. Ndugu zake Yusufu walipobanwa kule Misri, yapata miaka 20 tangu wamwuze, hakuna aliyewakumbusha kosa lile. Wao wenyewe ndio walioanza kulitaja.

Ndugu mpendwa, hatusemi kwamba kila ndoto ni ujumbe kutoka mbinguni. Nyingine ni za shibe, na nyingine ni za michezo ya simu. Lakini ndoto ikikuonyesha deni unalolijua, usihangaike kutafuta wa kuifasiri. Mtafute uliyemkosea.

Sisi tulimtafuta. Ilituchukua majuma mawili kupata nambari yake. Tulipokwisha kusema, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilijua siku ile ile. Niliona maziwa mdomoni mwako. Nilikuwa nangoja useme."

Amengoja zaidi ya miaka 40! Hakutukana, wala hakutaka kulipwa. Aliomba jambo moja tu: twende tukamwambie mama yake, ambaye alimchapa tena jioni ile kwa aibu ya kuzaa mwizi. Mama yu hai, ni mzee sana. Jumamosi tulikwenda. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe, akamshika mkono, asiuachilie mpaka tulipoaga.

Je, wewe msikilizaji, ni nani aliyechapwa kwa ajili yako? Huenda ni ndugu yako, huenda ni mfanyakazi wako, huenda ni mtoto wako mwenyewe. Kama yu hai, mlango ungali wazi. Usingoje mrundiko ufike juu.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema leo neno tulilolificha jana. Uwaponye walioitwa kwa majina yasiyo yao. Amina.