Tunaomba kusoma karatasi, si mioyo: maneno kwa vijana na wazazi wa Kasongo na Kabambare



Iko swali moja vijana wanapenda kuulizana jioni, wakati telefone zimekufa na hakuna pa kuchaji. Kama mtu angeweza kusoma mawazo ya mwenzake, nini ingetokea? Wengi wanajibu haraka kwamba ingekuwa dawa ya inchi hii. Mwongo angeonekana. Mheshimiwa akisimama kwa kampeni, tungeona vile anavyohesabu ndani ya kichwa. Mchumba angejulikana kama anapenda binti ao anapenda lupango ya baba yake. Tulicheka sana juu ya hiyo. Lakini tuliendelea kuongea mpaka usiku, na leo tunataka kuwaambia kwa nini sisi hatuitaki dawa hiyo.

Kwanza, hapa kwetu wenye kusema wanasoma mioyo ya watu wako tayari, na kazi yao tunaiona. Mtoto anagonjwa, ao baba wa nyumba anakufa ghafula. Jamaa wanaenda kwa mfumu, ao kwa chumba cha maombi, na pale mtu anafunga macho anasema: “Naona.” Anaona nani? Mara nyingi ni mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, ao yatima anayelishwa kwa nyumba ya mjomba. Angalieni vizuri: ni nadra sana aone uchawi ndani ya moyo wa mtu mwenye franga na walinzi. Anayesomwa ni paka yule asiye na nguvu ya kujibu.

Na atajibu nini? Ukishitakiwa kwamba uliiba mbuzi, unaweza kuleta watu waseme ulikuwa wapi siku ile. Ukishitakiwa kwamba ulimfikiria mwenzako mabaya, utaleta shahidi gani? Ndiyo maana Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki watoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo kwa mwenye kufanya hivyo. Sheria iko. Wanaoijua kwa vijiji ni wachache, na hiyo ni kazi yetu sisi vijana, tusiitupie serikali peke yake.

Mwenzetu mmoja alisema: lakini mfumu anabahatisha, sisi tunaongea juu ya kusoma mawazo kwa kweli, bila kosa. Sawa, tukubali. Mama amekesha usiku tatu na mtoto mwenye homa. Usiku wa tatu, wazo linapita: “Afadhali hata aende, nipumuzike.” Asubuhi anamfunga mgongoni, anatembea kilomita nyingi mpaka kwa kituo cha afya. Kama mngesoma usiku ule mngemwita mchawi. Sisi tunahesabu ile safari ya miguu. Wazo linapita kama ndege juu ya nyumba. Hakuna hapa ambaye hajawahi kumlaani jirani ndani ya moyo, kisha akamkopesha chumvi.

Historia yetu nayo inasema. Gongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip. Mwaka 1892 akahamia upande wa Dola Huru la Kongo, na watu wake walipigana pamoja na jeshi la Dhanis, lile lililoingia Kasongo hii yetu tarehe 22 Aprili 1893. Miezi mitano haijaisha, wazungu wakamshuku kwamba anapanga kuwasaliti. Mwezi wa tisa wa mwaka uleule wakamuhukumu kule Ngandu, karibu na Lomami, na wakamwua. Aliyekuwa amebadilika mara moja, walisema ndani ya moyo amebadilika tena. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa ndani ya vita hivyo, alimsifu sana Gongo katika kitabu chake cha 1897. Hatumufanyi Gongo kuwa malaika. Alikamata watu wengi utumwani. Lakini aliuawa juu ya nia waliyodai wameiona. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao wakiwa watu wake wa zamani, waliasi na kuua wakubwa wao, na uasi ule ulichukua miaka.

Sasa jiulizeni: kama uwezo huu ungekuja kweli, ungeanzia kwa nani? Kwa mama wa soko aone mawazo ya mheshimiwa? Apana. Ungefika kwanza kwa mwenye ofisi na mwenye bunduki. Kwa kizuizi hawangeuliza tena karata ya uchaguzi, wangeangalia ndani ya kichwa. Kura ingekuwa siri gani, na kifungu cha 5 kinasema ni ya siri? Inchi ya Chile haikungoja: mwaka 2021 iliongeza ndani ya katiba yake ulinzi wa mambo ya ubongo, juu ya mashine zinazotengenezwa sasa. Kwetu kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa mawazo, na bado kila tukiuliza juu ya barabara tunaulizwa: “Nani anawatuma? Mnafikiri nini kabisa?” Hiyo nayo ni kusoma mawazo, tena bila mashine.

Tunayoyafikiri tumeyaandika, yasomwe. Na sisi pia tunaomba kusoma, lakini karatasi. Kabambare iko na zahabu, Salamabila na Namoya kila mtu anazijua. Kanuni ya Madini ya 2018 inasema kodi ya zahabu inayoitwa redevansi ni 3,5%, na kila franga mia za kodi hiyo, 15 ziende moja kwa moja kwa sheferi ao sekta ambako machimbo iko. Tena mwenye kuchimba atoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Ziliingia ngapi? Zilitoka ngapi? Kwa kazi gani, na nani alitia sinyature? Kiongozi anaweza kutupenda ao kutuchukia ndani ya moyo wake, ni haki yake. Buku ya hesabu si moyo wake. Ibandikwe kwa ukuta wa ofisi, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa.

Barua ya kuomba hivyo iko hapa juu ya meza. Wa Kabambare watabeba nakala yao kesho asubuhi. Asiyejua kuandika aweke kidole, na asiyetaka kuweka arudi nyumbani kwa amani. Hakuna atakayemuuliza alikuwa anafikiri nini.