Namba Ambayo Haikupimwa: Viendeshi vya Kompyuta na Vipimo Vilivyovuka Mipaka

Kihisi cha joto kiitwacho DS18B20 kina miguu mitatu, na ukubwa wake haupiti punje ya hindi. Hupima kuanzia nyuzi −55 hadi 125 za Selsiasi. Mafundi hukifunga kwenye matangi ya maji, mashine za kutotolea vifaranga na majokofu, kwa kuwa waya mmoja wa data unatosha kuhudumia vihisi vingi kwa pamoja. Kina tabia moja ya kuchunga: kinapowashwa, kabla hakijapima chochote, rejista yake ya joto huwa tayari imeandikwa 85. Upimaji kamili wa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750. Programu ikiisoma rejista kabla ya kuamuru upimaji, au umeme ukiyumba katikati ya kazi, jibu ni 85.

Kwenye Linux, jibu hilo husomeka katika faili la w1_slave kwa mistari miwili. Wa kwanza huishia na neno YES, maana yake baiti zimefika bila kuharibika njiani. Wa pili huishia na t=85000, kwa sababu joto huandikwa kwa elfu za nyuzi. Kila kitu kiko sawa isipokuwa joto lenyewe. Ukaguzi wa mipaka nao haufui dafu hapa, kwa sababu 85 imo ndani ya mipaka. Kiendeshi cha vihisi hivi kiliongezewa baadaye ukaguzi unaoweza kuwashwa: baada ya upimaji, kama thamani ni 85 na baiti ya 6 ya kumbukumbu ya kihisi bado ina 0x0C, kiendeshi hurudisha hitilafu badala ya joto.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Kiendeshi, yaani programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa, hudaiwa mambo mawili kila kinapoulizwa: kipimo, na hali ya kipimo hicho. Mambo hayo hayapaswi kubebwa na namba moja.

Mfumo wa hwmon ndani ya kiini cha Linux, unaohudumia vihisi vya joto, volti na feni, umeyatenga vizuri. Kitendaji cha kusoma hurudisha msimbo wa hali kwa njia moja, na thamani huiweka mahali pengine kabisa. Huo si urembo. Msimbo wa ENODATA, unaosema hakuna data, ni −61. Laiti ungepita njia moja na vipimo, programu ya juu ingeusoma kama elfu za nyuzi, na kupata joto lililo chini ya sifuri kwa kiasi kidogo mno, lisilomshtua mtu yeyote. Lipo pia faili la temp1_fault: likionyesha 1, kipimo cha kihisi chake hakiaminiki.

Kosa linalopendwa zaidi na waandishi wa programu ni kubana. Kipimo kikizidi, kinashushwa hadi kwenye kikomo, na mambo yanaendelea. Mwongozo wa hwmon unaruhusu kubana, tena unakuagiza, lakini kwa vikomo anavyoandika mtumiaji, kama temp1_max. Hapo mtu anatoa amri na chipu inaitii kadiri ya uwezo wake. Kipimo si amri. Kukibana ni kutunga ushahidi. Katika ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 26, 1986, vifaa vingi vya kupimia mionzi vilikuwa na kikomo cha roentgen 0.001 kwa sekunde, sawa na 3.6 kwa saa. Vikafika mwisho, na 3.6 ikachukuliwa kuwa hali ya kituo, ilhali katika baadhi ya sehemu za jengo mionzi ilikuwa maelfu ya roentgen kwa saa. Vivyo hivyo, kigeuzi cha biti 12, kinachobadili volti kuwa namba, kikitoa 4095, namba yake kubwa kuliko zote, kiendeshi kiseme kwamba kipimo kimepita juu. Mwelekeo nao utajwe, kwa sababu anayeongoza feni anahitaji kujua kama aongeze kasi au apunguze.

Hitilafu iliyovaa nguo za kipimo iliiangusha roketi ya Ariane 5, Juni 4, 1996, huko Kourou. Programu ya kifaa cha mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32767. Namba haikuenea, kifaa kikajizima. Cha akiba kilikuwa kimekwisha kuzimika milisekunde 72 kabla, kwa sababu ileile. Kabla ya kunyamaza, kifaa kilituma biti za uchunguzi wa hitilafu, na kompyuta kuu ikazisoma kama data za safari. Ikapinda midomo ya injini hadi mwisho, na roketi ikavunjika kwenye kimo cha meta 3,700 hivi. Tume ya uchunguzi ya Jacques-Louis Lions ililieleza jambo hilo wazi katika ripoti ya Julai mwaka huohuo. Mazungumzo mengi huishia kwenye biti 16. Kilichoelekeza injini ni ule ujumbe uliosomwa vibaya.

Hata hivyo, kilichovuka mipaka si lazima kiwe uongo. Mei 1985, wanasayansi Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktika, ilikuwa imepungua vibaya kila msimu wa machipuo. Satelaiti ya Nimbus 7 ilikuwa inapita huko tangu 1978, lakini programu yake iliziwekea alama ya shaka thamani zilizo chini ya vipimo 180 vya Dobson. Inasimuliwa mara nyingi kwamba zilitupwa. Hazikutupwa, na hiyo ndiyo nafuu: Richard Stolarski na wenzake walizirudia, na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba upungufu ulikuwa umeenea juu ya Antaktika yote.

Kwa hiyo kiendeshi kihukumu kifaa tu. Uhalisi wa kipimo uamuliwe na programu za juu, zenye historia na vihisi vingine vya kulinganisha. Mfumo wa IIO wa Linux tayari hutoa thamani ghafi kupitia mafaili kama in_voltage0_raw, na kizidishi chake katika faili la pembeni, ili anayeitilia shaka hesabu aweze kuirudia kuanzia kwenye biti zenyewe.