Kijana wa Udaktari na Haki ya Baba Mgonjwa



Wakubwa wa jumuiya wameniomba niseme juu ya elimu. Neno hilo ni pana mno kwangu. Nitasema juu ya kijana mmoja tu, naye ameniruhusu.

Kijana huyu husoma udaktari Makerere, ambako matabibu wamefundishwa tangu 1924. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya uangalizi. Yeye amemaliza miaka 2. Aliporudi likizoni hapa Mbale alimkuta baba yake amepigwa na kiharusi, upande wa kuume umekufa ganzi. Mama huuza mchele sokoni. Wadogo zake wangali skuli. Alinijia baada ya Isha akaniuliza kama aahirishe masomo.

Nakiri kwamba nilijibu upesi. Nilimwambia akae, kwani Mtume (s.a.w.) alimrudisha kwa wazazi wake mtu aliyetaka kwenda vitani. Akainama, akasema, "Nimesikia, Sheikh."

Usiku ule sikupata usingizi. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliuhesabu utabibu kuwa faradhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi hali miji yao haina tabibu Mwislamu. Faradhi ya namna hiyo ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote. Na kumtumikia mzazi asiye na mtu mwingine ni faradhi ya mtoto mwenyewe. Hilo halina mjadala. Lakini je, mzee huyu hana mtu, naye amesali nasi safu ya kwanza miaka yote hii?

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwao. Nilidhani shida ni fedha, kumbe shida kubwa ni usiku. Mgonjwa hana budi kugeuzwa kila baada ya saa chache, asije akafanya vidonda mgongoni, na mwili wake ni mzito. Tena hapana aliyekuwa amemwuliza mwenyewe! Ulimi wake ni mzito, akili yake ni timamu. Alijikaza kitambo kirefu, akatoa neno moja: "Asome." Mama akalia, kisha akaniuliza, "Nami nitalala lini?"

Wote wawili wana haki.

Kijana ameandika barua ya kuomba ruhusa ya mwaka 1. Hapo amefanya vyema, maana wengine huona haya, hutoweka bila kuaga, na nafasi zao hupotea. Barua ingali mfukoni mwake, na muhula unafunguliwa baada ya majuma 3. Nimemwomba asiipeleke mpaka nizungumze nanyi.

Wanaume wanne wamekwisha kujiandikisha kulala kwa mzee yule kwa zamu, nami ni mmoja wao. Daftari liko kwa Katibu, pale mlangoni. Usiku wa Jumatatu, wa Jumatano na wa Jumamosi bado hauna mtu.